GPS kwenye ndege ndogo, ruti ya Kigoma–Tabora: ikague kwanza ndo uiamini

Wakuu, naandika hii kwa mapailoti wapya wanaorusha vi-Cessna huku kwetu, maana wengi wakishaona ule mstari wa zambarau wa njia kwenye skrini basi dirishani hawaangalii tena. GPS ni nzuri sana, tangu Marekani waondoe ule upotoshaji wa makusudi mwaka 2000 inakuonyesha ulipo kwa kupishana mita chache tu, shida ni kwamba siku ikikosea inakosea kimyakimya.

Anzia chini, injini bado haijawaka. Angalia database ya kifaa (data za viwanja na njia za ndege), inabadilika kila siku 28. Afu kagua pointi ulizoingiza mwenyewe, hapa ndo watu wanaumia. Kigoma iko nyuzi 4 dakika 53 kusini, sasa kifaa kikiwa kimesetiwa desimali we ukaandika 4.53 badala ya 4.88 (dakika 53 gawa kwa 60 ni 0.88), pointi inahamia kama kilomita 39 kaskazini, yani umeshaipita Gombe kabisa, na skrini hailalamiki, inakuchorea mstari safi tu. Na ukitoa pointi kwenye ramani za zamani za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa kupimia ramani) wakati kifaa kiko WGS 84 (mfumo wa GPS), unapishana kama mita 300, kwa kiwanja cha porini hiyo sio ndogo.

Sasa chukua rula na ramani. Kigoma–Tabora ni kama kilomita 350, karibu mashariki moja kwa moja. GPS ikisema tofauti usiondoke mpaka ujue kwa nini.

Satelaiti 4 zinatosha kukupa mahali na kimo, ila kifaa kijigundue kwamba kinadanganywa na satelaiti mbovu kinahitaji 5, na kuitoa hiyo mbovu kinahitaji 6. Ujumbe wa RAIM (huko kujikagua kwa kifaa) ukitokea usiupuuze. Jua likishazama huku karibu na ikweta anga la juu linavurugika na signo ya GPS inayumba, hasa miezi ya Machi na Septemba, na upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, imesharipotiwa signo kuvurugwa makusudi.

Kimo fuata altimita (kipima kimo kwa presha ya hewa), sio GPS. Kwenye joto letu GPS inaweza kusoma futi mia kadhaa zaidi, na wenzako wote angani wanatumia altimita.

Njiani shika reli ya kati, Uvinza, Kaliua, Urambo. Ukienda kilomita 200 kwa saa bila upepo, Uvinza ni dakika kama 24, andika saa kwa kalamu kila ukipita stesheni, kiangazi moshi wa mapori ukitanda hiyo karatasi ndo itakusaidia. Tableti usiiache juani, inapata moto inajizima.

GPS ikikata, shika hedingi (uelekeo wa pua ya ndege) na kimo ulichokuwa nacho, tazama saa, itafute reli, waambie mnara wa kuongozea ndege. Ukiwa juu ya ziwa geuka mashariki mpaka uone ufukwe, ndo uufuate.