Kuchagua hoteli yenye kasino kwa wikendi ya wawili: anza na chumba

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja ofisini pamoja na bwana wake. Ndoa yao inatimiza miaka kumi. "Yaya" (kwetu ni dada mkubwa), "tunataka hoteli nzuri yenye kasino, siku mbili tu, watoto watabaki kwa bibi yao." Shemeji akatoa simu kunionyesha hoteli alizozipenda. Meza za ruleti, taa, mabwawa ya kuogelea, ngazi za marumaru. Nikapitisha picha zote mpaka mwisho bila kuona hata moja ya kitanda.

Kazi yangu ni kupanga safari za watu, katikati ya mji hapa Lubumbashi, na wawili wanaotaka kasino ninawapata mara kwa mara. Karibu wote huchagua kama shemeji, kwa kutazama ukumbi wa mchezo. Mimi nawaambia kinyume chake: kasino ichaguliwe mwisho. Mtakaa humo saa mbili au tatu. Chumbani mtakaa saa thelathini. Nimeandika hapa njia niliyowapitisha wale wawili, maana nimekwisha kuieleza kwa mdomo mara nyingi.

Hatua ya 1: Ambianeni ukweli kuhusu mchezo

Kabla ya kupiga simu popote, kila mmoja aseme anataka nini kasinoni. Mara nyingi mmoja anataka kucheza na mwingine anataka kuvaa vizuri, kunywa kitu na kutazama. Hakuna ubaya, ila ijulikane mapema, la sivyo mmoja atabaki amekaa peke yake mpaka saa nane usiku.

Na kama mmoja wenu amewahi kucheza pesa ya kodi ya nyumba au minervali (karo ya shule) ya watoto, msitafute hoteli yenye kasino kabisa. Tafuteni ya ziwani, ya msituni, yoyote nyingine. Hapo sina ushauri wa kati.

Hatua ya 2: Hesabuni saa, msihesabu kilomita

Mkitoka kazini Ijumaa saa kumi alasiri na kutakiwa kuwa nyumbani Jumapili jioni, mna saa hamsini hivi, pamoja na za kulala. Kanuni yangu ni kwamba safari ya kwenda, kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli, isizidi saa tano.

Kwa kanuni hiyo Livingstone, huko Zambia, inaondoka kwenye orodha ya wikendi. Maporomoko yake ya Musi-o-Tunya (Victoria) ni ya kuonwa angalau mara moja maishani, lakini kwa barabara kutoka hapa ni karibu kilomita 1,000, na kabla hujafika popote kuna mpaka wa Kasumbalesa. Ni kilomita 90 hivi tu kutoka mjini, ila nani anaweza kukuahidi utavuka saa ngapi, na malori ya shaba yamejipanga vile? Mkienda huko, chukueni wiki nzima, na msiende Oktoba wala Novemba, maana upande wa Zambia maji huwa yamepungua mno. Kuanzia Machi hadi Mei ndipo mto unajaa.

Afrika Kusini nayo inataka viza kwa mwenye pasipoti yetu ya kawaida ya Kongo, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayeamua Jumatatu kusafiri Ijumaa amekwisha kuchelewa. Lakini kwa wenye viza tayari na usiku wa tatu wa kuongeza, watu hunitajia Sun City, mahali pa mapumziko penye kasino, na mimi huitumia kuwafundisha hata wale wasiokwenda. Ilifunguliwa mwaka 1979 ndani ya Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya ubaguzi wa rangi ililiita nchi huru, kwa sababu sheria ya Afrika Kusini ya wakati ule ilikataza kasino na serikali ya eneo hilo iliziruhusu. Ndiyo maana iko mbali na mji, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg, kando ya hifadhi ya Pilanesberg. Mtu akisema "nimelala Sun City" bado hujajua amelala wapi. Kuna hoteli nne ndani ya eneo moja. Soho ina kasino chini ya paa lake lenyewe. Cabanas ni ya familia zenye watoto. Iko Cascades, na iko The Palace of the Lost City, iliyofunguliwa 1992, ambayo ukimaliza kucheza unaiacha kasino nyuma na kurudi kwenye utulivu wako. Kwa wawili wanaoadhimisha ndoa, tofauti ya Soho na Palace ni kubwa kuliko tofauti ya nchi na nchi.

Wale wasio na viza wala usiku wa tatu, nawaambia walale hapa hapa mjini. Watu wa Lubumbashi hawapendi kusikia hivyo, wanaona ni kutupa pesa kulala kilomita nne kutoka kitandani mwao. Lakini nendeni mkasimame upande wa hoteli ya Karavia jua likizama, ziwa mbele yenu na uwanja wa golfu kando, halafu mniambie kama mnahitaji kuvuka mpaka. Saa ambazo mngezitumia barabarani zote zinakuwa zenu.

Hatua ya 3: Chumba

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na bwana wangu tulikwenda kwenye hoteli moja yenye kasino, nje ya mji huu. Nililipa yote mapema. Tulifika saa tatu usiku, tukapewa chumba ghorofa ya kwanza, kizuri sana, mapazia mazito, maua mezani. Baada ya robo saa tukaanza kusikia sauti kutoka sakafuni: muziki wa mashine, mtu anapiga kelele ameshinda, viti vinaburutwa. Kasino ilikuwa chini yetu kabisa, na harufu ya sigara ilipanda kupitia tundu la hewa la bafuni. Tukashuka kuomba kingine. Cha pili kilikuwa upande wa nyuma, kimya, mpaka umeme ulipokatika na jenereta ikawaka chini ya dirisha letu. Tukashuka tena. Cha tatu kilikuwa mbali na yote mawili, lakini kitanda kilikuwa vitanda viwili vidogo vilivyosogezwa pamoja, na katikati kuna ufa. Tulilala saa nane usiku, tumenuniana. Bwana wangu hakunilaumu kwa neno, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku ile sikodi chumba cha wawili bila kupiga simu. Sizungumzii ujumbe wa barua pepe, wala kisanduku cha "maombi maalum" kwenye programu za kukodi vyumba. Kile kisanduku sikiamini hata kidogo, hakuna anayewajibika nacho. Ninapiga simu hoteli yenyewe, kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati waliolala wamekwisha kulipa na wapya hawajafika, nami ninaomba mtu wa resepsioni anayepanga vyumba. Asubuhi sana hana muda. Usiku anayepokea simu mara nyingi hana mamlaka ya kubadili kitu.

Swali langu la kwanza ni: chini ya chumba hiki kuna nini, na juu yake kuna nini? Si "je, kuna kelele?" Ukiuliza kuhusu kelele utaambiwa hakuna. Ukiuliza kuna nini chini, mtu analazimika kufikiri: jiko, ukumbi wa harusi, kasino, baa. Ukumbi wa harusi ni mbaya kuliko kasino. Jumamosi hapa kwetu harusi inafika asubuhi, nanyi mtalala ndani ya rumba ya watu msiowajua. Kwa hiyo ninauliza pia kama kuna sherehe Jumamosi hiyo. Ikiwapo, nabadili tarehe kabla sijafikiria kubadili chumba.

Swali la pili: umeme ukikatika, jenereta iko upande gani wa jengo? Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kwa nini. Jibu zuri ni lile linalotaja upande bila kusita. Mtu akisema "jenereta yetu haina sauti", omba chumba cha upande wa pili wa jengo.

Swali la tatu ni kitanda. Uliza: "Ni godoro moja au mawili?" Neno "chumba cha wawili" halitoshi, kwa sababu hoteli nyingi huuza chumba kile kile kwa wafanyabiashara wawili wanaosafiri pamoja na kwa mke na mume. Mtamke neno godoro. Ukisema kitanda kikubwa, watakusogezea viwili.

Halafu ninauliza lifti iko wapi. Kasino haifungi mapema, na wanaocheza hupanda vyumbani saa tisa usiku wakizungumza kama mchana. Chumba cha mwisho wa korido, ghorofa ya tatu au zaidi, dirisha kwenye bustani au maji, ndicho ninachokitafuta siku zote. Kati ya chumba cha kawaida cha namna hiyo na chumba cha kifahari kilicho karibu na lifti, mimi nachukua cha kawaida bila kufikiri mara mbili. Mapambo hayazuii sauti.

Mwisho wa simu ninaomba jina la niliyezungumza naye na namba ya chumba, kisha ninaandika yote kwenye WhatsApp ya hoteli: "Kama tulivyokubaliana leo, chumba namba fulani, godoro moja." Sasa iko kwa maandishi. Wengine hukataa kuahidi namba. Basi waahidi ghorofa na upande. Wakikataa hata hilo, hoteli si yenu, hata picha zikiwa nzuri namna gani.

Kwa mdogo wangu nilipiga hoteli tatu. Ya kwanza ilikuwa na harusi. Ya pili haikujua jenereta yake iko wapi. Ya tatu, dada wa resepsioni aliniambia, "Subiri mama, niende nikaangalie mwenyewe," akarudi baada ya dakika kumi na jibu la kila swali. Hiyo ndiyo tuliyochukua. Sikuuliza hata kasino yao ina meza ngapi.

Hatua ya 4: Dhamana na noti

Bei uliyolipa si pesa yote. Mkifika, hoteli huomba dhamana kwa ajili ya baa, simu na uharibifu. Kwa kadi ya benki, kiasi hicho kinazuiwa, na kinaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Kwa hiyo pesa ya matumizi isiwe kwenye kadi hiyo hiyo. Kadi za kulipia kabla hukataliwa mahali pengi, ulizeni kwenye simu ile ile ya hatua ya 3.

Mkilipa dhamana kwa dola taslimu, zipangeni noti nyumbani. Noti yenye mchaniko wa milimita mbili haipiti hapa kwetu, mnajua, na resepsioni saa tatu usiku si mahali pa kuanza kubishana. Dai risiti ya dhamana, peke yake, na wakati wa kuondoka angalieni noti mnazorudishiwa kwa makini kama walivyoangalia zenu.

Hatua ya 5: Bahasha

Pesa ya mchezo iwekeni kwenye bahasha, taslimu, mkiwa bado nyumbani. Kadi zibaki chumbani. Bahasha ikiisha, mchezo umeisha.

Kiasi gani? Hesabu ni rahisi. Ruleti ni gurudumu la namba, mnaweka pesa mkikisia kipira kitatua wapi. Ya Ulaya ina nafasi 37: namba 1 hadi 36 na sifuri moja. Ukiweka kwenye nyekundu, nafasi 18 ni zako na 19 si zako, na kwa wastani nyumba, yaani kasino, hubaki na asilimia 2.7 ya kila unachoweka. Ruleti ya Marekani ina sifuri mbili, nafasi 38, na nyumba hubaki na asilimia 5.26. Meza zinafanana kwa macho, kwa hiyo tafuta sifuri kwanza. Mkiweka dola 2 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, mmepitisha dola 80 mezani. Kwa sifuri moja hasara ya wastani ni kama dola 2, kwa sifuri mbili ni zaidi ya 4. Usiku wenyewe unaweza kwenda juu au chini kuliko hapo, ndiyo maana kuna bahasha. Mashine za kubonyeza sizipendi kwa wawili. Zinakwenda haraka, na kila mmoja anatazama kioo chake. Mezani mnasimama bega kwa bega.

Hoteli ikiwapa jetoni (vipande vya kuchezea badala ya pesa) za bure pamoja na chumba, ulizeni kama zinabadilishwa kuwa pesa. Kwa kawaida hazibadilishwi, mnaweza kuziweka mezani tu, na mnachoshinda ndicho chenu. Msilipie chumba cha bei kubwa kwa sababu yake.

Hatua ya 6: Mavazi na vitambulisho

Suruali ndefu, shati lenye kola, viatu vilivyofungwa. Mama avae anachopenda. Kitambulisho kila mmoja na chake. Juni hadi Agosti bebeni sweta, bustani ni baridi usiku.

Hatua ya 7: Jumapili

Hoteli nyingi zinataka mtoke kabla ya saa sita mchana, na hapo ndipo wikendi hukatika katikati ya chai. Omba kubaki mpaka saa nane. Usiombe Jumapili asubuhi, wakati wasafishaji wamekwisha kupewa orodha. Omba Ijumaa, mnapopokea ufunguo, kwa yule yule mliyezungumza naye kwa simu, mkimwita kwa jina lake.