Uchumi wa mazingira ngazi ya uzamili: anza na hesabu

Wanaokwama katika uchumi wa mazingira ngazi ya uzamili mara nyingi wanayajua mazingira vizuri. Kinachowakwamisha ni hesabu. Kabla muhula haujafunguliwa, tumia miezi miwili au mitatu kurudia kalkulasi, njia ya Lagrange (ya kutafuta chaguo bora penye masharti), aljebra ya matriki na takwimu hadi rigresheni, yaani kupima kwa data jinsi kitu kimoja kinavyohusiana na kingine. Funika jibu, fanya swali mwenyewe, ndipo ulinganishe.

Mada ya kuishika mapema ni thamani ya sasa. Chukua madhara ya milioni 1 yatakayotokea baada ya miaka 100, uyagawe kwa (1 + r) kwa kipeo cha 100, ambapo r ni kiwango cha punguzo kwa mwaka, yaani kasi ya kushusha thamani ya mambo ya baadaye. Kwa r ya 1% utapata takriban 369,700; kwa 3%, 52,000; kwa 5%, 7,600 tu. Madhara ni yale yale! Ukishaifanya hesabu hiyo utaelewa kwa nini ripoti ya mwanauchumi Nicholas Stern ya 2006 kuhusu tabianchi, iliyotumia r ndogo, ilizua ubishi mkali na mwanauchumi mwenzake William Nordhaus, aliyetaka r kubwa zaidi. Kila unapotoa makisio, taja r uliyotumia na utetee kwa nini.

Kuhusu kodi dhidi ya ukomo wa uchafuzi, shika hoja ya mwanauchumi Martin Weitzman ya 1974. Gharama za kupunguza uchafuzi zisipojulikana kwa uhakika, linaloamua ni mteremko: kama madhara ya tani ya ziada yanapanda kwa kasi kuliko gharama ya kuipunguza, ukomo unafaa zaidi, ikiwa kinyume, kodi. Chora mistari yote miwili, sogeza ule wa gharama juu kisha chini, na kila mara upime pembetatu ya hasara, yaani eneo kati ya mistari linaloonyesha jamii imepoteza kiasi gani. Anayekariri bila kuchora huigeuza kanuni kwenye mtihani.

Tasnifu nyingi huharibikia kwenye swali la chanzo na matokeo. Tuseme nyumba zilizo karibu na kiwanda ni za bei ya chini. Je, ni moshi, au kiwanda kilifuata ardhi ya bei nafuu? Rigresheni ya mwaka mmoja haiwezi kukujibu. Tafuta bei za kabla na baada ya kiwanda kufunguliwa, uzilinganishe na za mtaa wa mbali ambao bei zake zilikuwa zikienda sambamba na za hapo. Ukikosa data za kabla, badilisha swali mapema, kabla ya kuandika sura ya pili.

Kwa kuchambua data, programu ya takwimu iitwayo R ni ya bure na inatosha. Andika amri zote kwenye faili moja, kuanzia kusafisha data. Msimamizi akitaka jedwali lirudiwe, unaliendesha upya na kumpelekea siku hiyo hiyo.