Somo: Kukaba pasi kwenye Madden bila kukimbizana na mpira

Wakuu, somo hili nimeliahidi tangu mfungo. Leo umeme upo, basi tuanze. Ni kwa wale tunaocheza Madden NFL, gemu ya mpira wa Kimarekani, wachache tulivyo hapa Tanga. Wa soka nendeni banda la pili, foleni mnaijua.

Kwanza aibu yangu. Diski aliileta binamu yangu baharia, tukaiweka kwenye PS pale Ngamiani. Mechi ya kwanza kabisa nilifungwa 42 kwa 7 na mtoto wa darasa la saba aliyejua mchezo mmoja tu: wapokeaji wanne wanatimka mbele moja kwa moja, yeye anarusha. Mimi nilikuwa nimemshika beki wa pembeni, yaani ndiye ninayemwendesha kwa pedi, namfukuza kila anayeonekana kuwa huru, na nikimwacha wangu tu, mpira unakwenda kwa huyo huyo niliyemwacha. Dogo hata hakuwa ananiangalia, anakula karanga.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba hakuna ukabaji usio na tundu. Kazi yako ni kulijua tundu lako kabla yake, halafu usimame hapo wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu vichwa

Kila upande una watu 11. Kwa anayeshambulia, watano ni ukuta wa mbele ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi, mmoja ni mrushaji, yaani kwotabeki. Wamebaki watano wa kupokea. Ukituma wanne wakamsumbue mrushaji, una saba wa kukaba watano: wawili wa akiba. Ukituma sita, hiyo ndiyo blitzi, mnabaki watano kwa watano. Blitzi ni mkopo. Mrushaji asipobanwa upesi, unalipa na riba.

Hatua ya 2: Ingiza watu wanaofaa

Akileta wapokeaji watatu, chagua Nikeli, mpangilio wenye mabeki watano. Akileta wanne, Daimu, yenye sita. Usibaki na malainibeka, walinzi wa katikati, watatu wazito wakafukuzane na watu wepesi. Hapa hapana zaidi.

Hatua ya 3: Elewa namba za Kava

Hapa ndipo wengi wanaponda vifungo tu. Kava ni mpango wa ukabaji, na namba inakwambia wangapi wanalinda nyuma kabisa. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, sasa gawanya.

Kava 2: masefti, mabeki wa nyuma kabisa, wawili, kila mmoja nusu ya uwanja, yadi 26 na ushee. Chini, yaani karibu na mpira ulipoanzia, wanabaki watano, kwa hiyo pasi fupi unazibana vizuri. Matundu ni mawili. Moja liko pembeni, nyuma ya beki wa pembeni na mbele ya sefti, kama yadi 15 hadi 20 kutoka mpira ulipoanzia. La pili ni katikati nyuma, baina ya masefti wenyewe.

Hilo la katikati ndilo lililozaa Tampa 2. Makocha Tony Dungy na Monte Kiffin waliikuza wakiwa timu ya Tampa Bay Buccaneers miaka ya 1990: lainibeka wa kati anarudi mbio nyuma kuziba ufa wa masefti. Dungy alikuwa ameshaondoka timu hiyo ilipotwaa Super Bowl, fainali ya NFL, Januari 2003, lakini Kiffin alikuwepo, na siku hiyo mrushaji wa wapinzani wao, Oakland Raiders, alinaswa pasi tano, tatu zikarudishwa hadi kuwa mabao. Raiders ndiyo timu aliyoifundisha John Madden mwenyewe, huyu ambaye gemu ina jina lake. Mnaona ukabaji unavyolipa?

Kava 3: watatu nyuma, kila mmoja kama yadi 18. Chini wamebaki wanne, kwa hiyo pasi za karibu na mstari wa pembeni zitapita. Tundu baya zaidi ni mishono, pale theluthi moja inapokutana na nyingine. Sasa rudi kwa yule dogo wa karanga: wakimbiaji wanne, walinzi watatu. Hesabu ya darasa la pili nilishindwa nayo!

Kava 4: wanne nyuma, watatu tu chini. Huchomwi kirahisi, ila unatafunwa kidogokidogo.

Kava 1 ni kukaba mtu kwa mtu na sefti mmoja nyuma. Kava 0 hata huyo hayupo. Iache mpaka uzoee.

Ushauri wangu, chukua Kava 3 na Kava 2 tu kwa wiki mbili. Anayebadilisha mpango kila mchezo hajui hata mmoja.

Hatua ya 4: Ficha ulichochagua

Mjanja atamtembeza mpokeaji mmoja kutoka upande huu hadi ule kabla mpira haujaanza. Beki wako akimfuata hatua kwa hatua, mara nyingi umekaba mtu. Wakisogea kidogo tu na kubadilishana, unakaba eneo, kila mlinzi na sehemu yake. Basi usimpe jibu la bure: kabla mpira haujaanza, bonyeza Pembetatu ufungue menyu ya ukabaji, walete mabeki karibu na wapokeaji kana kwamba unakaba mtu, kumbe ni Kava 3.

Hatua ya 5: Pima kina cha wa chini

Kwenye marekebisho ya kocha unaweza kupanga walinzi wa pembeni wakae yadi ngapi. Wengi hawaifungui kabisa sehemu hii. Akikuua kwa pasi fupi, walete mbele. Akipenda lile tundu la Kava 2, wasogeze nyuma. Ukiwasogeza nyuma umemfungulia huku mbele, usije ukalalamika.

Hatua ya 6: Mshike lainibeka wa kati

Usimshike beki wa pembeni. Ukikosea kule, nyuma yako hakuna mtu. Mshike wa kati, mrudishe taratibu, usibonyeze mbio. Mtazame mpokeaji wa ndani upande ambao tundu lako liko. Kwenye Kava 3 dhidi ya wakimbiaji wanne, sefti wa kati abaki na mshono mmoja, wewe panda na mwingine. Nilipompiga yule dogo hivyo kwa mara ya kwanza, mpira ulikuja kifuani kwangu, nami kwa mshangao nikasahau kubonyeza.

MASWALI YA WADAU

Kapteni wa Sahare: Mkuu, nondo hizi. Mimi nakaba mtu kwa mtu ila zile pasi za kukatiza katikati zinanimaliza. Beki wangu anabaki hatua mbili nyuma.

Jibu: Kapteni, ndilo tundu la kukaba mtu. Anayekatiza anajua anakokwenda, beki hajui. Tumia Kava 1, wewe mshike lainibeka asiye na mtu, ukae katikati yadi kama nane. Akirusha mara moja ukainasa, hatorudia.

Binti Makorora: Kaka, mdogo wangu harushi. Mrushaji wake anatimka na mpira mwenyewe yadi 15 kila saa.

Jibu: Pole dada'angu. Mpe lainibeka mmoja kazi ya kumchunga mrushaji tu. Lakini huyo umemtoa kwenye wale wawili wa akiba wa Hatua ya 1. Na punguza kukaba mtu, kwa sababu mabeki wanakuwa wamempa mgongo, hawamwoni akitoka. Wa eneo wanamtazama yeye.

Mzee wa Pweza: Vijana, mjukuu kanifundisha gemu hii. Kwa nini nisikae Kava 4 siku zote nikapumzika?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ana majaribio manne ya kupata yadi 10. Kwenye Kava 4 atachukua nne, nne, nne, tayari 12, anaanza upya. Hutapumzika, utamtazama akitembea hadi kwako. Iweke akihitaji yadi nyingi, mfano jaribio la tatu na yadi 15.

Dogo Chumbageni: Bro, mpira ukiwa hewani ninase kwa Pembetatu au nipangue kwa Mraba?

Jibu: Ukiwa mbele ya mpokeaji, nasa. Ukiwa nyuma au ubavuni, pangua, maana ukiruka kunasa ukakosa anaondoka zake. Na jaribio la nne akirusha mbali, pangua hata kama unaweza kunasa. Ukipangua unapewa mpira pale mchezo ulipoanzia. Ukinasa mbali kule, unaanzia kule kule nyuma kwako.

Dogo Chumbageni: Sawa bro. Jumamosi nakuja Ngamiani, andaa mia tano yako.

Jibu: Njoo, ila uje na pedi yako. Ile ya pili hapa Pembetatu yake imekufa, na safari hii sitaki visingizio.