Hofu isiyojua tarehe: kumsaidia mtu mwenye kiwewe, hatua kwa hatua

Mlango ukigongwa saa nne usiku hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, mara nyingi ni jirani anayeomba chumvi au kiberiti. Mama mmoja niliyekuwa nikimtembelea alilijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo, kabla hajawaza lolote, alikuwa ameshaingia chini ya kitanda, kiganja kimemziba mtoto mdomo. "Mwalimu, kichwa inajua ni jirani," aliniambia, "lakini roho inaruka kwanza."

Miaka minane nyuma, kwao Masisi, mashariki mwa Kongo, mlango uligongwa vilevile. Mwili wake ulijifunza, tena ulijifunza sawasawa: mlango ukigongwa usiku, kifo kimefika. Ambacho mwili haukuandika ni tarehe na mahali. Kwa hiyo haya yote ninayoyaeleza hapa yana shabaha moja: kuipa hofu ile tarehe yake na mahali pake.

Nawaandikia washauri wa kujitolea, watu wa VHT (timu za afya za kijiji), na ndugu wanaoishi nyumba moja na mtu wa namna hii. Mambo ya huyu mama nimeyabadilisha kiasi asitambulike.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kiwewe

Dalili tatu hutembea pamoja. Tukio linarudi lenyewe, kwa ndoto au mchana kweupe, kana kwamba linatokea sasa. Mtu anakwepa kila kinachomkumbusha. Na mwili uko macho muda wote: usingizi mwepesi, hasira za ghafla, kushtuka boda ikipiga mshindo. Haya yakizidi mwezi mmoja na kumharibia maisha ya kila siku, yanahitaji tiba. Kabla ya mwezi ni kawaida mwili kutikisika baada ya balaa, na wengi hutulia wenyewe wakipata usalama na watu wao karibu.

Apimwe pia malaria, upungufu wa damu na presha. Moyo kwenda mbio una sababu nyingi.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu leo

Kama mume anampiga, au kuna mtu anayemtishia sasa hivi, hofu yake inasema kweli, na kumfundisha kutulia ni kumnyang'anya kinga. Shughulikia hatari hiyo kwanza. Kisha uliza wazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa swali hili, lakini kuuliza hakumpandi mtu wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, na afike hospitali siku hiyohiyo.

Hapa usimwombe akusimulie yaliyompata. Nimeona washauri wapya wakikimbilia "hebu nieleze kila kitu" siku ya kwanza. Mtu analia, saa inaisha, mshauri anaondoka, na yule anabaki na usiku wake.

Hatua ya 3: Mtie nanga

Mfundishe asubuhi akiwa ametulia. Usiku, akishaanza kutetemeka, ni kuchelewa.

Akae, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, macho wazi. Usimwambie afumbe macho, maana gizani ndiko wale waliomvamia wanakomsubiri. Avute pumzi kwa pua bila kujilazimisha, kisha aitoe polepole kuliko alivyoivuta, kama mtu anayepoza chai bila kuimwaga. Halafu aseme kwa sauti siku ya leo, mahali alipo, na jambo moja ambalo wakati ule halikuwapo. Mama yule alikuwa akisema: "Leo ni Jumanne. Niko Isingiro, Uganda. Mtoto wangu ana miaka tisa." Kule Masisi mtoto huyo alikuwa angali ananyonya. Miaka tisa ya mtoto ilimsaidia kuliko mazoezi yangu yote.

Mkononi alishika sarafu ya shilingi 500, ile yenye korongo. Kule hapakuwa na sarafu hiyo. Kwa aliyewahi kukabwa koo au kuponea chupuchupu kwenye moshi, kuifuatilia pumzi kunaweza kumzidishia hofu. Muachie sarafu na nyayo tu.

Hatua ya 4: Daftari lenye safu mbili

Daftari la shule linatosha. Kila anaposhtuka, aandike (au umwandikie) kilichomshtua. Safu ya kwanza ni ya kilichofanana na wakati ule, ya pili ni ya kilicho tofauti leo. Safu ya pili ndiyo dawa, kwa hiyo usiiharakishe.

Tulikaa na ule mlango karibu saa nzima. Kilichofanana: usiku, mlango wa mbao, mbwa wanabweka. Tofauti hakuiona. Nikamwuliza wale watu walisema nini walipofika. Akanyamaza kidogo. "Hawakupiga hodi."

Basi tukawaomba majirani wawili wapige hodi na kutaja majina kabla ya kugusa mlango.

Hatua ya 5: Punguza kukwepa, kidogo kidogo

Kukwepa huleta nafuu leo na kuikuza hofu kesho. Mwandike pamoja mambo anayoyakwepa ambayo ni salama kweli, aanze na jepesi, na abaki pale mpaka mwili utulie wenyewe, siku nyingi mfululizo. Kwake ilikuwa kwenda bombani jioni, kwanza na dada yake, baadaye peke yake kungali mwanga. Mwisho jirani mmoja akaanza kugonga bila hodi, kwa makubaliano, saa kumi na mbili, kisha saa mbili usiku.

Njia ya msituni penye wabakaji haiingii kwenye orodha hii.

Hatua ya 6: Kamba ya maisha, na aliyefunzwa

Hii usiifanye peke yako kwa kusoma hapa. Kamba hutandazwa chini tangu kuzaliwa hadi leo; maua ni mema yaliyompata, mawe ni mabaya. Kisha, katika vikao vinavyofuata, kila jiwe kubwa husimuliwa kwa mpangilio: ilikuwa lini, wapi, ulisikia nini, mwili ulifanyaje, kikafuata nini. Kikao hakikatwi katikati; msimulizi lazima afike mahali alipookoka.

Njia hii ilijaribiwa hapahapa Nakivale kwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa wiki 6. Utafiti ulichapishwa 2008: asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na kiwewe cha kuitwa ugonjwa, na ushauri wa kawaida ulifika 65. Waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37. Ninachokipenda zaidi ni ile 65: aliyefunzwa vizuri anasaidia hata bila kamba.

Hatua ya 7: Dawa

Fluoxetine, dawa ya sonona, husaidia baadhi ya watu, ila huchukua wiki kadhaa na huandikwa na mhudumu wa afya. Tatizo langu ni diazepam, dawa ya kutuliza, inayonunuliwa dukani kama peremende. Inaleta usingizi, mwili unaizoea, kuiacha ni vita, na kiwewe chenyewe hakiguswi. Waragi, ile pombe kali, nao ni hivyohivyo. Usimgombeze anayekunywa, mwulize anakunywa ili asione nini.

Hatua ya 8: Ukimpeleka hospitali

Anza kituo cha afya cha daraja la III au IV. Mazito hupelekwa hospitali ya rufaa Mbarara, na Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala. Beba lile daftari, maana dakika za mhudumu ni chache.

Na mkalimani mtafute mapema. Muuguzi atazungumza Kinyankore au Kiingereza, mgonjwa Kiswahili chetu. Kituo kimoja niliwahi kukuta mvulana wa darasa la tano akimtafsiria mama yake alivyobakwa, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua Kiingereza. Niliingilia nikiwa nimechelewa. Tafuta mtu mzima, ikiwezekana mwanamke kwa mwanamke, asiyetoka boma lao, na mkubaliane siri kabla ya kuingia. Mtoto abaki nje na mtu wa kumwangalia.