Ngozi Inawasha Baada ya Kulala Shambani au Ufukweni: Kutambua Chanzo na Kutibu

Kuanzia Oktoba familia nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea huhamia mashambani kuokota korosho, na vijana wa mjini nao hubeba mahema kwenda kulala ufukweni Msimbati. Wakirudi, ngozi inawasha. Dukani mtu hutaja neno moja tu, "aleji", anapewa tyubu, anapaka. Mambo huharibikia hapo, kwa sababu tyubu inayotuliza mchubuko wa mafuta ya korosho ndiyo hiyohiyo inayostawisha fangasi na kumficha mdudu wa upele. Kabla ya kupaka chochote, jibu maswali matatu: muwasho ulianza lini, uko wapi, una umbo gani.

Hatua ya 1: Hesabu saa

Upupu huwasha palepale, ndani ya dakika. Mbu, viroboto na kunguni huacha vipele ndani ya saa chache, wakati mwingine kesho yake. Yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, wengi humwita Nairobi flai, hang'ati wala haumi. Sumu imo mwilini mwake, nawe huipaka mwenyewe unapomponda shingoni. Unalala salama, na baada ya siku moja au mbili unaamka na mstari unaochoma kama umemwagiwa maji ya moto.

Mafuta ya korosho yana njia mbili. Yakikumwagikia mengi, huunguza siku hiyohiyo na ngozi hugeuka nyeusi. Kwa mtu ambaye mwili wake umeshayakataa, hata kidogo tu huleta vipele na malengelenge siku 1 hadi 3 baadaye.

Upele, yaani ule wa mdudu anayechimba ndani ya ngozi na si kipele chochote, ndio unaokosewa zaidi. Mtu ambaye hajawahi kuupata huanza kuwashwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo aliyelala kambini juzi na leo anajikuna, mara nyingi hana upele wa kambi hiyo. Aliyewahi kuugua ndiye huwashwa haraka, ndani ya siku 1 hadi 4.

Hatua ya 2: Angalia mahali na umbo

Angalia mchana, nje, si kwa taa ya simu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona rangi iliyokolea au ya zambarau. Kwa hiyo pitisha ncha ya kidole: sehemu yenye ugonjwa ina joto, imeinuka, au inakwaruza kama msasa.

Vipele vitatu au vinne vilivyopangana mstari mahali palipokuwa wazi usiku: kunguni. Vingi kwenye vifundo vya miguu: viroboto. Vipele vidogo sana mgongoni na shingoni kwa mtu aliyelala kwenye hema lenye joto: harara, hiyo haihitaji dawa, inahitaji hewa na maji ya baridi. Malengelenge mawili yanayotazamana, mfano moja juu ya kiwiko na jingine chini yake pale mkono unapokunjwa: Nairobi flai. Muwasho unaozidi usiku, kati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na mwenzako mliyelala shuka moja naye anajikuna: upele.

Hatua ya 3: Ondoa kinachowasha

Kwa upupu, usisugue na usikimbilie maji. Ganda la upupu limejikunja kama herufi S na limefunikwa manyoya ya kahawia yanayong'aa. Kila nywele ni sindano, na kusugua ni kuzidi kuzichomeka. Bandika selotepu juu ya ngozi, ibandue kwa mkupuo mmoja, chukua kipande kipya, rudia hadi selotepu itoke safi. Ndipo uoshe kwa maji mengi na sabuni. Nguo zivuliwe bila kukung'utwa, zilowekwe kwanza.

Kwa mafuta ya korosho, muda ndio dawa. Vua nguo, osha kwa maji ya kawaida na sabuni ya mche, suuza, rudia mara tatu. Kadiri unavyowahi ndivyo unavyookoa ngozi. Chini ya kucha pasafishwe kwa mswaki wa zamani, maana mafuta hujificha pale na usiku huhamia usoni na sehemu za siri. Mpini wa panga, kibao cha kubangulia na kamba ya ndoo navyo vioshwe.

Nairobi flai akitua, mpulize au mwache apande karatasi. Ukiwa umeshamponda, osha sehemu hiyo na vidole vyako mara moja, na usiguse macho.

Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa.

Hatua ya 4: Tuliza

Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa siku. Watu hukidharau kwa kuwa hakina bei, lakini kwa malengelenge yanayochuruzika hakuna kitu kinachotangulia hiki. Malengelenge yasitumbuliwe. Yakikauka, paka losheni ya kalamaini. Kwa mchubuko wa korosho, au kung'atwa na wadudu, krimu ya haidrokotisoni asilimia 1, safu nyembamba, mara 2 kwa siku, isizidi siku 7, na si karibu na macho wala penye kidonda. Usingizi ukikosekana, mtu mzima anaweza kumeza setirizini miligramu 10 usiku. Piriton nayo hufaa, ila hulewesha: aliyeimeza asiendeshe bodaboda wala kupanda mkorosho. Dozi ya mtoto ipimwe kituoni.

Dawa ya meno, chumvi, spiriti na maji ya betri visipakwe. Vinachubua, na kinachofuata ni usaha.

Ikiwa ni upele, dawa ni ya wote mnaoishi pamoja, siku moja, hata asiyewashwa. BBE (losheni ya benzili benzoeti) ya asilimia 25: mtu mzima aoge, ajikaushe, apake kuanzia shingoni hadi nyayo, kati ya vidole, chini ya kucha, kwenye mikunjo yote. Akae nayo saa 24, aoge, arudie mara ya pili. Akinawa mikono katikati, apake tena mikono. Hapa ndipo wengi huharibu matibabu. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 dawa ichanganywe na maji kiasi sawa. Aliye chini ya miaka 2, na mjamzito, waende kituoni kwanza. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku 3 au zaidi.

Usingoje hatua hizi kama midomo au ulimi unavimba, pumzi inabana, au mtu anazimia baada ya kuumwa na nyuki: hospitali sasa hivi. Homa yoyote baada ya kulala porini ipimwe malaria. Na kama kuna kigaga cheusi mahali kupe alipokuwa, mwambie daktari kuhusu kupe, kwa sababu homa ya kupe ina dawa yake na kipimo cha malaria hakitaionyesha.

Maswali tuliyoulizwa

*Tandahimba: Shikamoo mwalimu. Mke wangu alibangua korosho za kuchoma, mikono ikawa myeusi na kubanduka. Sasa vipele vimetokea usoni na tumboni. Je, maji ya malengelenge yanaambukiza?*

Marahaba. Hayaambukizi, wala hayasambazi. Vipya vinatokana na mafuta yaliyobaki kwenye kucha, kanga na kibao, au moshi wa kuchomea, ambao nao hubeba mafuta hayo. Fua kanga zote alizovaa. Usoni asipake krimu kali. Kwa kuwa pameenea, aonwe na daktari, huenda akahitaji vidonge. Akirudi kubangua avae glavu za mpira. Asipokuwa nazo, apake mafuta ya nazi mikononi kisha majivu, na kurudia kila yanapofutika. Awe mwangalifu pia na utomvu wa embe, kwani mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja.

*Je, mabibo yenyewe yanaweza kumwasha mtoto mdomoni? Wangu ana vipele pembeni mwa midomo.*

Ndiyo, hasa akilinyonya bibo likiwa bado na korosho yake au akiing'ata korosho mbichi. Tenganisha kwanza, osha bibo, na umnawishe uso akimaliza.

*Mtwara mjini: Wiki mbili baada ya kutoka Msimbati nina mstari unaojipinda kwenye unyayo, na kila siku umesogea.*

Huyo ni mabuu wa minyoo ya mbwa na paka, huingia kwenye ngozi ukikanyaga mchanga wenye unyevu. Mstari husogea milimita chache hadi sentimita kadhaa kwa siku. Usichimbe kwa sindano kama funza: mdudu yuko mbele ya mstari, mahali usipopaona. Kituoni mtu mzima hupewa albendazoli miligramu 400 kwa siku, siku 3. Mjamzito hapewi hiyo.

*Masasi: Nilipaka tyubu yenye dawa tatu ndani yake. Siku nne nikapona, sasa limekuwa duara kubwa zaidi.*

Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pasafi ni fangasi, na ndani ya tyubu hiyo kuna dawa inayozima muwasho huku fangasi wakila. Iache. Paka klotrimazoli asilimia 1 mara 2 kwa siku, ukivuka ukingo kwa sentimita 2, na uendelee wiki mbili baada ya duara kupotea. Siku za kwanza muwasho utarudi kwa nguvu. Usirudie tyubu ya zamani.

*Lindi: Tulioga Ziwa Rutamba, tukawashwa jioni ileile, kesho ikaisha. Tuache?*

Muwasho uache, kichocho msikiache. Unaweza kuwa ni vijidudu vyake vikipenya kwenye ngozi, na kipimo cha mkojo na choo mapema mno hakionyeshi kitu. Pimeni baada ya miezi miwili, wote mliooga. Mkojo wenye damu, au homa na kikohozi kabla ya hapo, nendeni bila kungoja.

*Tumemaliza BBE mara mbili, bado tunawashwa. Tupake tena?*

Hapana, si sasa. Mabaki ya wadudu waliokufa huwasha wiki 2 hadi 4. Tafuteni vipele vipya kati ya vidole. Vikitokea baada ya wiki nne, huenda kuna mtu nyumbani hakupaka.