Kupiga wayaringi gari la kujiundia: anza na ethi, betri iwe ya mwisho

Watu wengi wanaojiundia gari wanafika kwenye umeme wakiwa wamechoka na hela imekata. Chesisi ya bomba za mraba imeshachomelewa, bodi ya faiba imekaa, injini imeshuka mahali pake, kila mtu mtaani anauliza lini inawaka, basi anaitwa fundi wa haraka, siku mbili gari linawaka watu wanashangilia, alafu mvua za kwanza zikipiga taa za nyuma zinaanza vituko. Mimi nasema hivi, umeme ndo sehemu ambayo mwenye gari anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi wa haraka, kwa sababu hautaki mashine kubwa, unataka subira na karatasi.

Nachukua mfano wa gari la viti viwili la mtindo wa Lotus Seven, ile ya Uingereza iliyotoka 1957 ambayo watu walikuwa wanainunua ikiwa vipande wanaunganisha wenyewe nyumbani, na injini tuseme ni Toyota 4A-FE maana inapatikana, spea zake zipo na mafundi wanaijua. Ukiwa na injini nyingine mambo mengi ni yaleyale.

Faiba haipitishi umeme

Hapa ndo naomba usome taratibu. Kwenye Corolla ya kawaida negativu ya betri imefungwa kwenye bodi na bodi nzima ni bati, kwaiyo umeme unatoka kwenye taa unarudi betri kupitia bodi yenyewe. Fundi aliyezoea Corolla anakuja kwenye gari lako la faiba na mkono uleule, anavuta waya za moto tu, ethi, yani waya ya kurudisha umeme kwenye negativu ya betri, anaifunga kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, na hiyo skrubu imeingia kwenye faiba au kwenye chesisi iliyopakwa rangi nzito. Siku ya kwanza inafanya kazi kwa bahati, kesho kutu, basi.

Angalia kinachotokea. Taa ya nyuma ina balbu ya 21/5, yani wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo, zote zinatumia ethi moja. Ethi ikikatika ukakanyaga breki umeme unaingia upande wa breki, unafika mwisho unakuta hakuna njia, unageuka unapita kwenye uzi wa taa ndogo, unatoka kwa waya ya taa ndogo na kwenda kutafuta ethi kwenye taa zingine za mstari huohuo, mpaka taa ya namba na taa ndogo za mbele. Matokeo yake unakanyaga breki, breki haiwaki inavotakiwa, alafu taa ndogo zinawaka kwa mbali. Watu wanabadilisha balbu, wanabadilisha swichi ya breki, wanafungua dashibodi, na ugonjwa ni waya nyeusi moja. Ukiona taa moja inawasha nyingine ambayo hukuiwasha, nenda kwenye ethi kabla hujagusa kitu kingine.

Dawa yake: kila taa iwe na waya yake ya ethi, na waya zote za kona moja zirudi kwenye boliti moja ya ethi. Weka boliti tatu, ya mbele, ya nyuma ya dashibodi na ya nyuma ya gari. Pale boliti inapokaa kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'aa, weka lagi, ile ncha ya chuma inayobanwa kwenye waya, weka washa ya meno, kaza, ukimaliza ndo upake grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Sio kupaka kwanza alafu kukaza.

Injini nayo imekaa juu ya raba za maunti kwaiyo haijagusana na chesisi kiumeme. Negativu ya betri ipeleke moja kwa moja kwenye injini au giaboksi kwa kebo nene sawa na ile ya moto, kisha nyingine itoke hapo kwenda chesisi. Ukiisahau hiyo, siku unapiga stata umeme wote unatafuta njia kwenye kebo ya akselereta, nayo inapata moto mpaka inakwama.

Karatasi

Chora. Usiniambie unayo kichwani. Andika kila kitu kinachokula umeme na kinakula kiasi gani, hesabu ni wati gawanya kwa volti 12. Taa kubwa za H4 ni wati 60 fuli na 55 dimu, kwaiyo mbili kwenye fuli ni ampia 10. Balbu ya indiketa wati 21, karibu ampia 2. Honi, wipa na pampu ya mafuta soma kwenye kifaa chenyewe au pima kwa mita, na feni ya rejeta ipime kabisa maana ndo mlaji mkubwa, zingine zinapita ampia 15 na wakati inaanza inavuta zaidi.

Ukishajua ampia ndo unachagua waya, na ukishachagua waya ndo unachagua fyuzi, kwa mpangilio huo, kwa sababu fyuzi ipo kulinda waya isiungue. Mimi natumia waya ya milimita ya mraba 1 kwa taa ndogo, indiketa na geji, 1.5 mpaka 2 kwa taa kubwa, honi na pampu, 3 au 4 kwa feni, alteneta kwenda betri 10 au 16, na stata 25, betri ikiwa nyuma ya gari nenda 35. Waya iwe ya gari, ya nyuzi nyingi laini. Ile ya nyumba yenye uzi mmoja mgumu usiilete kwenye gari hata kama umepewa bure, mtikisiko unaikatia ndani na nje huoni kitu.

Fyuzi za kisu zina rangi zake, nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ikiungua mara ya pili tafuta shoti. Tabia ya kuziba na kipande cha waya au karatasi ya sigara inachoma magari, na faiba ikishika moto inakwenda haraka sana.

Rangi za waya usichanganye ovyo. Kama vipande vyako vimetoka Uingereza utakuta utaratibu wao wa zamani, kahawia ni moto wa moja kwa moja toka betri, nyeupe ni moto wa funguo, kijani ni moto wa funguo uliopita fyuzi, nyeusi ethi, nyekundu taa ndogo, bluu yenye mstari mweupe fuli, bluu yenye mstari mwekundu dimu. Ni utaratibu mzuri, uige. Ukikosa rangi zote dukani weka lebo ncha zote mbili za waya na uandike kwenye mchoro.

Kulaza waya

Kifaa chote kikae mahali pake kwanza, taa, geji, boksi ya fyuzi, kila kitu. Boksi ya fyuzi iwe sehemu unaweza kufika usiku kwenye mvua bila kufungua bodi. Alafu laza waya moja moja, zishike kwa tepu ya karatasi tu, acha urefu wa ziada kila ncha, usikate, usifunge. Ukimaliza zote ndo unapanga fundo, unapitisha kwenye mpira wa bomba, unafunga kwa kebo tai kila sentimita 30 hivi. Kila tundu la chuma waya inapopita livishwe raba. Mbali na bomba la ekzosti, na usizifunge pamoja na bomba la mafuta.

Kwenye maungio nunua koleo nzuri ya kubania, lagi ibane waya na ibane na ganda lake, alafu ivute kwa nguvu, ikitoka haikuwa imebanwa. Risasi ya kuchomelea inafanya kazi ila inapoishia waya inakuwa ngumu na hapohapo ndo inakatikia kwa mtikisiko, kwaiyo ukitumia risasi ishikilie waya vizuri karibu na ungio. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi, hapana. Joto la huku linayeyusha gundi na tepu inajifungua yenyewe.

Rilei

Taa kubwa, feni, honi na pampu zipite kwenye rilei, yani swichi inayowashwa na umeme mdogo, usipitishe ampia zote kwenye kiswichi cha dashibodi. Namba ni hizi: 30 moto toka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda kwenye kifaa, 85 na 86 ni koili, moja ethi moja inatoka kwenye swichi. Kuna rilei zina 87a katikati, hiyo ina moto wakati rilei imelala, ukifunga feni hapo itazunguka gari likiwa limezimwa mpaka betri ife.

Indiketa na hazadi zinasumbua ukiwa na taa za LED, flasha ya kizamani, kile kifaa kinachozipigisha, inataka mzigo wa balbu, ukiweka LED inakimbia mbio au haipigi. Nunua flasha ya elektroniki. Kiwango kinachokubalika ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Na hazadi ipate moto wa moja kwa moja, iwake hata funguo ikiwa mfukoni.

Injini

Nunua injini na waya zake zote na kontroli boksi yake, yani kompyuta ya injini, usikubali zimekatwa. Kontroli boksi inataka moto wa kudumu, moto kupitia rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme), ishara ya funguo na ishara ya stata. Ethi zake za E1, E01 na E02 zinafungwa kwenye injini, ziache hapohapo alipoziweka Toyota. Pampu ya mafuta usiipe moto wa funguo moja kwa moja, tumia rilei yake ile inayoendeshwa na kontroli boksi, ili injini ikizima kwa ajali pampu nayo izime. Hii sio mapambo, ni uhai wako.

Alteneta ya Denso yenye pini tatu ni IG kwenye moto wa funguo, S kwenye betri, L kwenye taa ya chaji. Alteneta za kizamani za waya moja ya taa ni tofauti, zile zinahitaji balbu yenyewe ili zianze kuchaji, ukiweka LED ndogo pale hazianzi.

Siku ya betri

Toa fyuzi zote. Funga pozitivu ya betri. Kwenye negativu usifunge kebo, weka balbu ya wati 21 kati ya kichwa cha betri na kebo ya ethi. Balbu ikiwaka kwa nguvu kuna shoti kabla ya fyuzi na hakuna kilichoungua, balbu imekulinda. Ikiwa kimya weka fyuzi moja moja na kila swichi ikiwa imezimwa, fyuzi itakayoiwasha kwa nguvu ndo mstari wa kuangalia. Zikipita zote ndo unafunga kebo yenyewe.

Alafu mita. Betri iliyopumzika na imejaa ni volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Weka waya moja ya mita kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, mtu apige stata, ikizidi volti 0.5 ethi yako ya injini haijakaza. Fanya hivohivo kwa kila taa ikiwa imewaka, upande wa ethi isizidi 0.2. Mwisho zima kila kitu, pima ampia zinazotoka betri gari limelala, ikiwa juu ya miliampia 50 vuta fyuzi moja moja mpaka ishuke, utajua nani anakula usiku.

Mchoro uweke kwenye mfuko wa nailoni, ukae ndani ya gari karibu na boksi ya fyuzi.