SOMO: Kutoka grinikadi ya ndoa hadi kiapo cha uraia wa Marekani

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Tanga. Niko nyumbani likizo, na kila baraza ninayokaa Ngamiani naulizwa lile lile: "Binti yetu kaolewa na Mmarekani, uraia atapata lini?" Wengi wanadhani cheti cha ndoa ndiyo uraia wenyewe. Sivyo. Niliingia kule 2018, nikaapa 2022, na muda wote huo nilichodaiwa ni ushahidi kwamba naishi na mume wangu. Basi naandika hatua nilizopita, anayetaka amtumie mwanawe.

Kwanza, soma kadi yako, yaani grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani. Ukipokelewa kama mkazi ndoa yenu haijatimiza miaka 2, utapewa kadi ya miaka 2 tu, yenye masharti. Mkiwa mmepitisha miaka 2 ya ndoa, unapewa ya miaka 10. Kwenye kadi pameandikwa umekuwa mkazi tangu lini. Tarehe hiyo iandike ukutani, maana hesabu zote zinaanzia hapo, hata kama kadi ni ya masharti.

Pili, kama kadi yako ni ya miaka 2, ondoa masharti. Hii ni fomu I-751. Mnaijaza wewe na mwenzio, na mnaipeleka ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa sababu tumezoea mambo ya nyumba kubaki kwa baba: mkataba wa pango jina la mume, akaunti ya benki ya mume, umeme wa mume. Siku ya kuthibitisha ndoa mke hana hata karatasi moja yenye jina lake. Mimi nilinunua faili la plastiki wiki ya kwanza. Nikatia mkataba wa nyumba wenye majina yetu mawili, taarifa za benki, ritani za kodi (fomu za kodi ya mapato za kila mwaka) tulizojaza pamoja, kadi za bima, na picha tuliyopiga Raskazone yeye kavaa kikoi cha kaka yangu. Picha peke yake haitoshi. Karatasi za kodi ndizo ofisa alizozigeuza moja moja.

Tatu, omba uraia. Fomu ni N-400. Aliyeolewa na raia anaweza kuomba baada ya miaka 3 ya ukaazi badala ya 5, ila miaka yote hiyo 3 mwenzi awe raia na muwe mnaishi pamoja. Unaruhusiwa kuipeleka siku 90 kabla ya kutimia. Ndani ya miaka hiyo uwe umekaa Marekani kwa mwili wako si chini ya miezi 18. Tangu Aprili 2024 ada ni dola 710 kwa mtandao, 760 kwa karatasi.

Kagua majina kabla hujatuma. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandika jina langu neno moja, pasipoti ikaligawa mawili, na kwa nafasi ile tupu nikaulizwa maswali robo saa nzima.

Nne, alama za vidole, kisha usaili. Utasoma na kuandika sentensi ya Kiingereza, na utaulizwa historia na serikali yao. Mimi nilisoma maswali 100, nikaulizwa hadi 10, kupata 6 ndiyo kufaulu. Aliyeomba kuanzia 20 Oktoba 2025 anasoma 128, anaulizwa hadi 20, anatakiwa apate 12.

Mwisho, kiapo. Mlangoni unarudisha grinikadi, ndani unapewa cheti. Na hapo, ndugu zangu, sheria yetu ya uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiupokea wa Marekani kwa hiari, wa Tanzania umekwenda. Mimi nililia. Mwambieni binti mapema, asije akalijua hilo akiwa amekwisha inua mkono.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Bi mmoja wa Makorora: Mwanangu kaja kuniuguza, sasa ana mwezi wa saba yuko huku. Kuna ubaya?*
Pole, mama. Akipitisha miezi 6, inahesabiwa kuwa amekatisha ukaazi wake mpaka alete ushahidi kwamba maisha yake yalibaki kule: kazi, nyumba, mume. Akifika mwaka, imekatika kweli. Arudi mapema.

*Wakiachana kabla ya kiapo?*
Njia ya miaka 3 imefungwa. Grinikadi haifutiki kwa talaka peke yake. Atasubiri miaka 5 kama wengine.

*Mume anampiga, na anamtisha kwamba atamfutia kadi.*
Dada, hilo nalijibu kwa uchungu. Mume hana mamlaka ya kufuta kadi ya mtu. Mwenye mamlaka ni serikali. Aliyepigwa au kuteswa anaruhusiwa kujaza I-751 peke yake, bila sahihi ya mume, na bila kungoja zile siku 90. Atoke, atunze ripoti za polisi na za daktari, na atafute wakili.

*Kaka wa Pangani: Nina mke huku na nataka kuoa kule.*
Kaka yangu, usijaribu. Kwetu ndoa ya wake wengi ni halali, kwao ndoa ya pili haitambuliwi, na fomu inauliza wazi kama umewahi kuwa na wake wawili kwa wakati mmoja. Ukidanganya, uraia unaweza kunyang'anywa hata baada ya miaka. Na kama uliacha, talaka ya mdomo au ya karatasi ya nyumbani haitoshi. Leta hati ya mahakama.

*Na kiwanja changu cha Pongwe nikishaapa?*
Nilipoapa 2022, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuwa haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji; ya sasa muulize mwanasheria. Mimi nilikaa na ndugu zangu na mwanasheria kabla hata ya kujaza N-400, na shamba la mama likabaki kwa mdogo wangu wa Muheza.